Umenunua Vani ya Kulala? Usiikimbilie Kitonga

Novemba ikikaribia kwisha, swali moja hunifikia mara nyingi. Mtu amenunua Toyota Hiace ya zamani iliyowahi kubeba watalii, ile yenye paa linaloinuka. Ameng'oa viti vya nyuma, amemwita seremala akaweka kitanda na makabati, amefunga jiko la gesi na friji ndogo. Desemba anataka kuipakia familia Dar es Salaam waende Mbeya, wakilala njiani. Anauliza abebe spea gani. Nitamjibu, lakini kuna swali la kutangulia: je, safari hiyo ameipanga kwa namna itakayomruhusu kusimama?

Vani kuukuu inapofia njiani, kilichoiua mara nyingi si kile kilichoharibika kwanza. Mkanda wa feni umekatika, au mpira wa rejeta umepasuka. Hivyo ni vitu vya kubadilisha pembeni mwa barabara na kuendelea. Injini huuawa na zile kilomita tano au kumi ambazo dereva aliendelea kwenda baada ya dalili ya kwanza, akijipa moyo kwamba afike tu kijiji kinachofuata. Wala hafanyi hivyo kwa ujinga. Giza linakaribia, watoto wana njaa, mama mkwe ameshapika, na mwenyewe amewatangazia watu kwamba leo analala Iringa. Kila kitu kinamsukuma asisimame. Ushauri wangu wote hapa, kuanzia saa ya kuondoka hadi pesa ya kubeba, unalenga hapo: siku gari litakapotoa dalili, kusimama kusiwe hasara kubwa kwako.

Anza na ratiba. Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Basi huumaliza mwendo huo kwa siku moja, ndiyo maana watu hudhani na wao watauweza. Lakini basi lina dereva wa pili, na likiharibika kampuni italeta lingine. Wewe una gari ulilolinunua mwezi jana. Gawa njia mara tatu: lala Morogoro au Mikumi, lala Iringa, kisha umalizie. Kama unapenda kulala ndani ya vani kweli, kuna Kisolanza, mbele ya Iringa ukielekea Mafinga, ambako wasafiri wenye magari ya namna hiyo wamekuwa wakipiga kambi kwa miaka mingi. Ondoka alfajiri, na kila siku panga kufika saa tisa alasiri. Gari likikuzimia saa nane, bado una saa nne za mwanga mbele yako, na saa nne zinatosha kumpata fundi, kumtuma kijana wa bodaboda spea, na kuondoka hapo kabla ya giza. Na huko unakokwenda waambie utafika "kati ya Alhamisi na Jumamosi". Usiwape saa.

Kabla ya kuondoka

Muuzaji atakuambia gari halina shida, na pengine anasema kweli kwa matumizi yake. Alikuwa akiliendesha Tegeta hadi Posta, tupu, kwenye foleni. Hajui litafanya nini likiwa na kitanda cha mbao, godoro, mtungi wa gesi, madumu ya maji na watu watano, likipanda mlima saa saba mchana. Wewe pia hujui. Kwa hiyo maneno ya "lilifanyiwa sevisi juzi" bila risiti, yahesabu kuwa sevisi haikufanyika. Badilisha oili na filta yake, filta ya dizeli, filta ya hewa, mafuta ya breki, kulanti, mikanda, na mipira yote ya maji, mikubwa kwa midogo. Mikanda na mipira uliyotoa, kama bado inafaa, usiitupe. Ifunge kwenye mfuko uiweke chini ya kiti. Hakuna spea ya uhakika kuliko hiyo, kwa sababu ilikuwa imefungwa kwenye gari lako na ikafanya kazi.

Kama injini ni ya dizeli ya aina ya 2L, 3L, 5L au 1KZ, ndani yake kuna taiming belti, mkanda wa mpira wenye meno unaofanya valvu na pistoni zipishane bila kugongana. Ukikatika, zinagongana, na kazi inayofuata ni ya kufungua injini. Toyota waliweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi ili iwake muda wa kuubadilisha ukifika. Kwenye magari ya soko la Japani ni kila kilomita 100,000. Tatizo ni kwamba taa hiyo inaweza kuzimwa nyuma ya dashibodi bila mtu kugusa mkanda, na odomita yenyewe inaweza kurudishwa nyuma. Taa isiyowaka haikuambii chochote. Bila ushahidi wa karatasi, badilisha mkanda pamoja na beringi yake ya kukazia, hata ikibidi safari isogee hadi Pasaka. Hapa silegezi kamba.

Tairi nazo zisome, usizitazame kashata tu. Ubavuni kuna herufi DOT, na tarakimu nne za mwisho zinataja wiki na mwaka zilipotengenezwa: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Vani iliyokaa uani muda mrefu huwa na tairi zenye kashata nzuri na mpira uliokauka, wenye nyufa ndogondogo karibu na ringi. Tairi ya hivyo hupasuka kwenye lami ya moto ikiwa na mzigo. Iliyozidi miaka kumi itoe hata kama inang'aa. Na nunua tairi za magari ya mzigo. Hiace hutumia tairi zenye namba ya uzito kama 107/105, maana yake kilo 975 kwa tairi moja, au 925 zikifungwa pacha. Ukiona mtu amefunga tairi za saluni kwenye vani ya kulala, mshauri azibadilishe kabla hajatoka mjini.

Hapo tunafika kwenye mzigo, ambao wenye vani za kulala husahau kuupima. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 ni sawa na kumpakia mtu mzima mnene. Plaiwudi moja ya milimita 18 hukaribia kilo 30, na seremala wetu hapunguzi mbao. Anataka kitanda kidumu. Mwambie mapema kwamba kitanda hicho kitapanda mlima. Makabati yakae chini na katikati, kizito kisirundikwe nyuma ya ekseli, na juu ya paa kusiwe na kitu kizito. Upepo wa tairi ujaze kwa kufuata kibandiko cha mlangoni kwa gari lenye mzigo, usifuate mazoea ya kijana wa sheli.

Ukimaliza yote hayo, pakia kila kitu kama unavyosafiri, maji yakiwa yamejaa, uende Chalinze ukarudi. Njiani simama mara mbili, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Likiwepo gurudumu moja lenye joto kuliko mengine, breki imeng'ang'ania au beringi inakufa. Usiku tandika maboksi yaliyokunjuliwa chini ya gari zima. Asubuhi boksi litakueleza: tone jeusi ni oili, la kijani au jekundu lenye utelezi huenda ni kulanti, karibu na gurudumu ni mafuta ya breki na hapo huondoki. Wiki mbili kati ya jaribio hilo na safari yenyewe zinatosha kurekebisha utakachokiona.

Maji, moto na Kitonga

Ukishavuka Mikumi barabara inashuka hadi Ruaha Mbuyuni, bondeni penye mibuyu na wauza vitunguu, mahali penye joto kali. Kutoka hapo unapita Mahenge, kisha unaanza kupanda Kitonga, kona juu ya kona, malori yakiwa mbele yako kwa mwendo wa mtu anayetembea. Unapanda kuelekea Ilula na Iringa, mji ulio zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Gari linatoka kwenye joto, linaingia kwenye kazi nzito, na hewa inayopita kwenye rejeta ni kidogo kwa sababu mwendo ni mdogo. Vani yenye udhaifu wowote kwenye mfumo wa maji itausema hapo. Kwa hiyo Kitonga ipandwe asubuhi, kabla ya saa nne, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kulala Mikumi.

Kuhusu kuchemsha nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko magari mengi ya namna hii yanakoishia.

Tuanze na kitu cha bei ndogo kuliko vyote: mfuniko wa rejeta. Maji huchemka kwa nyuzi 100 pwani, na kwa kimo cha Iringa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko una springi inayozuia mvuke usitoke, na presha inayojengeka ndani hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Springi ikichoka au mpira wake ukipasuka, maji yanachemka mapema, yanakimbilia kwenye chupa ya akiba, kisha yanamwagika barabarani. Watu wamenunua rejeta nzima na pampu ya maji kwa ugonjwa uliokuwa kwenye mfuniko. Nunua mpya wenye namba ileile ya presha iliyoandikwa juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1.

La pili ni thamostati. Mafundi wengi wa kwetu wakiona gari linachemsha huitoa na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Nawaheshimu mafundi, lakini hapa ninawapinga. Thamostati hufunga njia ya maji mpaka injini ipate moto unaotakiwa, kisha hufungua. Kwenye injini nyingi za Toyota ina kazi ya pili: inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, huziba njia ya mkato ambayo maji hupita yakirudi kwenye injini bila kupoozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kabisa. Mjini hutaona tofauti, Kitonga utaiona. Muulize fundi wako waziwazi kama gari lina thamostati. Asipojua, afungue aangalie. Yenye kutiliwa shaka hutumbukizwa kwenye sufuria ya maji jikoni yapate moto taratibu: inatakiwa ianze kufunguka kabla maji hayajachemka.

La tatu ni feni. Kwenye Hiace nyingi hizi feni huzungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni. Injini ikiwa imepata moto na umeizima, zungusha feni kwa kidole. Ikizunguka kwa ulaini mizunguko kadhaa, klachi imechoka na haitavuta hewa ya kutosha mlimani.

Na la nne ni mkanda, kwa sababu kazi zake ni nyingi kuliko watu wanavyojua. Unazungusha alteneta na pampu ya maji. Kwenye nyingi za dizeli hizi, pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya alteneta. Kwa hiyo taa ya betri ikiwaka ghafla mwendoni, usiseme "ni chaji tu, nitaangalia nikifika". Huenda mkanda umekatika, maji hayazunguki tena, na pedali ya breki itakuwa ngumu baada ya kuikanyaga mara chache. Punguza mwendo kwa gia, tafuta pembeni, simama.

Mshale wa moto ukianza kupanda, zima kiyoyozi, shusha gia moja ili injini izunguke bila kulemewa, na fungua hita ya ndani hadi mwisho. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Abiria wataona adha lakini injini itapumua. Mshale ukirudi, endelea polepole na usimame mahali pa kwanza penye usalama. Ukiendelea kupanda, simama hapohapo panapowezekana. Kama hakuna mvuke wala maji yanayomwagika, acha injini iungurume taratibu dakika mbili tatu feni iendelee kupuliza. Kama kuna mvuke, zima mara moja. Na jihadhari na mshale unaoshuka wenyewe wakati gari linanuka moto: maji yakiisha, kihisio hubaki hewani na geji hudanganya.

Hiace za kizazi kilichoanza mwaka 1989 zina injini chini ya viti vya mbele, na hilo lina manufaa yake. Shemeji yangu alikuwa akielekea Iringa na vani yake, na kabla geji haijasogea mkewe aliyekaa mbele alisema kuna harufu tamutamu, kama dawa, inatoka chini ya kiti. Walikuwa wameshapita Mahenge, mlima unaonekana. Akasimama. Alipoinua kiti aliona ukungu mwembamba ukitoka kwenye mpira wa maji, karibu na klipu: ufa wa urefu wa ukucha. Wakasubiri mpaka mpira ukabonyea kwa vidole, akalegeza klipu, akakata kipande chenye ufa kwa kisu, akausukuma mpira mahali pake kwa kuwa ulikuwa na urefu wa kutosha, akakaza. Wakajaza maji waliyokuwa nayo kwenye dumu, wakapanda Kitonga salama. Angengoja geji imwambie, angekuwa katikati ya kona, lori nyuma yake.

Ufa ukiwa katikati ya mpira, kausha, kisha zungushia utepe wa tyubu ya ndani ya tairi, ule ambao mafundi wa baiskeli hufungia mizigo, uuvute kwa nguvu kila mzunguko ukilala juu ya mwenzake. Usikaze mfuniko wa rejeta hadi mwisho, ili presha isiupasue tena. Hivyo utafika mjini kwa mwendo mdogo. Mfuniko wenyewe usiuguse mpaka mpira wa juu wa rejeta ubonyee bila upinzani. Maji yaliyo chini ya presha huruka usoni yakifunguliwa, na nimeona makovu yake. Watoto wasikae kwenye kiti cha mbele kilicho juu ya injini wala karibu nacho unapokiinua. Wala usimimine maji ya baridi kwenye injini iliyochemka, hedi itapasuka. Ngoja ipoe, washa, mimina kidogokidogo injini ikiwa inaunguruma.

Kabla ya kuendelea chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au rejeta ikitoa mapovu mfululizo injini inapowaka, gasketi ya hedi imekwisha. Hapo usiwashe tena. Gari litavutwa.

Gari limezima

Unaposikia gari linapoteza nguvu, kazi ya kwanza ni kutoka kwenye lami ungali na mwendo. Gari lililosimama kabisa ni zito kulisukuma, na mkononi mwako usukani utakuwa mgumu. Washa taa za hazadi, vuta hendibreki, weka mawe nyuma ya magurudumu kama ni mlima. Kisha watu washuke, kwa mlango wa upande wa majani, wasogee mbali na barabara, mbele au pembeni ya gari, kamwe wasikae nyuma yake. Barabara hii hubeba malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana, na dereva wa lori aliyechoka hufuata taa zilizo mbele yake. Tunazoea kuona familia imekaa kwenye mkeka nyuma ya gari bovu, kivulini. Tafadhali usifanye hivyo. Kivuli cha mti mbali na lami ndicho cha kukalia.

Pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe mbali: hatua mia nyuma, na kama kuna kona au kilima, kabla ya kona yenyewe, ili anayekuja ajue kabla hajakuona. Matawi ya miti ambayo sote tumeyazoea ni lugha nzuri, ongeza matawi mbele na nyuma. Ila ukiondoka, rudi uyaondoe, na mawe hasa. Jiwe lililoachwa kwenye lami ni ajali ya mtu wa usiku huo.

Mikumi ni habari nyingine. Barabara inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, na tembo, nyati na simba hawatambui lami. Gari likizima humo, watu wabaki ndani, vioo vifungwe, hazadi ziwake, ombeni msaada kwa kusimamisha gari kubwa kwa taa na honi. Dereva asishuke kutafuta tatizo peke yake. Asubiri gari jingine lisimame karibu. Ndiyo maana hifadhi ipitwe mchana, tangi likiwa na mafuta ya kutosha.

Simu za dharura ni 112 kwa polisi na 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Ziandike kwenye karatasi ubandike ndani, kwa sababu simu huisha chaji na si kila aliyemo garini anazijua.

Watu wakishakuwa salama ndipo utafute ugonjwa, ukianzia na vyepesi. Klemu za betri zimekaza? Fyuzi? Mafuta yapo kweli, au geji imekwama? Injini ya dizeli ikiishiwa mafuta huingiza hewa, na kuongeza dizeli tu hakutoshi: juu ya filta kuna pampu ndogo ya mkono, ipampu mpaka iwe ngumu, kisha piga stata. Watu wamevutwa hadi mjini kwa jambo hilo. Tangi la dizeli likivuja, kausha na sugua sabuni ya mche kwa nguvu kwenye tundu mpaka lizibe. Itashika hadi kwenye gereji. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, yenyewe haina mjadala: zima injini papo hapo.

Kama imebidi kulala hapo, vani ya kulala ni neema, lakini ina hatari zake mbili. Jiko la mkaa lisiingie ndani, hata likiwa limebaki majivu yenye moto kidogo, hata kama Iringa au Makambako ni baridi. Hewa yake ya kaboni haina harufu, huua watu usingizini, na vani ni chumba kidogo kuliko chochote. Gesi ya mtungi nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Ikivuja hushuka chini, hukusanyika sakafuni. Mtungi uwe kwenye kabati lililozibwa upande wa ndani na lenye tundu la kutokea nje kwenye sakafu, na uufunge valvu kila unapomaliza kupika. Friji ipate betri yake, iliyotengwa na ya stata kwa relei, na fyuzi karibu na betri. La sivyo utaamka asubuhi soda ni baridi na gari haliwaki. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6. Injini ikiwaka, alteneta ilete kati ya 13.8 na 14.4. Mita ya kupimia ni ya bei ndogo, ibebe.

Fundi, spea na pesa

Usimkubali fundi wa kwanza anayetokea na spana mkononi, na usimdharau. Muulize aeleze anachodhani kabla hajafungua. Fundi mzuri hukuuliza maswali: lilizimaje, lilikuwa na mzigo gani, ulisikia nini. Elewaneni bei ya kazi kabla, piga picha kabla ya kila kitu kutolewa, na kila spea ya zamani irudi mkononi mwako. Injini isifunguliwe pembeni mwa barabara jioni. Hilo likihitajika, gari livutwe.

Faida kubwa ya Hiace ni daladala. Mji wowote wenye Hiace zinazobeba abiria una fundi anayeijua na duka lenye spea zake. Ukiwa Morogoro, Iringa au Mafinga, nenda stendi, uwaulize madereva wa Hiace, si wapiga debe, gari zao hutengenezwa wapi. Spea isipopatikana, mpigie mtu wako aende Kariakoo au Ilala. Mtumie picha ya spea mbovu, picha ya kibati cha namba ya chasisi, na aina ya injini, vyote vitatu, kwa kuwa spea zinafanana kwa macho na hazifanani kwa vipimo. Aipeleke Mbezi Luis, stendi ya Magufuli, ipande basi, akutumie namba za basi na ya kondakta. Duka likilipwa kwa simu, mtu wako awe ameishika spea mkononi kwanza.

Fedha ya dharura, kwa maoni yangu, isipungue pesa ya mafuta ya kwenda na kurudi, na ikae kando, isiguswe kwa nyama choma. Bima yako isome kabla ya safari: bima ndogo inalipa madhara uliyomfanyia mwingine, haikuvuti wewe. Bima kubwa nyingine zina huduma ya kuvuta gari, nyingine hazina.

Ukivutwa, ufunguo ubaki kwenye swichi, ukiwa umewashwa, la sivyo usukani utajifunga kwenye kona. Breki bila injini zinahitaji mguu wa nguvu. Kamba iwe ndefu ya kutosha kumwona anayekuvuta, na ifungwe kwenye pete au chasisi, kamwe si kwenye bampa. Gari la gia otomatiki lisivutwe magurudumu ya nyuma yakizunguka chini; libebwe, au propela itolewe kwanza. Kushuka Kitonga ukivutwa kwa kamba usikubali kabisa, lipia gari la kubeba.

Na kazi ikionekana ni ya siku mbili au zaidi, gawanyikeni mapema. Familia ikate tiketi ya basi iendelee, mtu mzima mmoja abaki na gari. Watoto wakishaondoka, fundi hatafanyishwa kazi kwa haraka, na wewe hutakubali kiraka cha kuharakisha. Toeni vitu vya thamani, chomoeni waya wa hasi kwenye betri, fungeni valvu ya gesi, mwageni maji ya tangi ili gari liwe jepesi. Anayebaki awe ndiye anayejua gari, na alale nyumba ya wageni, si ndani ya vani iliyo juu ya jeki.